Dole Lisilokauka

Jalada la kesi ya fundi cherehani lilifika ofisini Jumanne asubuhi, limefungwa kwa uzi mweupe, na mwanamke aliyelileta hakutaka kukaa. Alikuwa karani wa ofisi ya waendesha mashtaka, mtu wa maneno mengi siku zote. Siku hiyo alilitua mezani kama anayetua sufuria ya moto, akasogeza kitabu cha kupokelea barua, akasubiri sahihi, akaondoka bila hata kuuliza habari za watoto.

Wakili alikata uzi. Mahakamani walimwita Mama Pingamizi, wengine kwa heshima, wengine kwa kuchoka naye. Miaka ishirini na miwili alikuwa ametetea washtakiwa wa jinai katika ofisi ile ile ya vyumba vitatu, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na alikuwa amesoma maelezo mengi ya kukiri makosa kiasi kwamba yale ya mpelelezi mmoja aliyatambua kabla hajafika kwenye jina. Watuhumiwa wote wa mpelelezi huyo walizungumza kwa lugha moja. Wote walipitiwa na shetani. Wote walianza kwa kusema kwamba wanaeleza kwa hiari yao, bila kutishwa wala kuahidiwa chochote. Wenzake walimwita Pasi, kwa sababu alipenda kusema kwamba kesi yenye mikunjo aletewe yeye ainyooshe.

Safari hii maelezo yalikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Fundi cherehani alikuwa amekiri kumuua jirani yake, mwenye duka la vitambaa, kwa mkasi wa kukatia nguo. Chini kabisa palikuwa na dole gumba, jeusi, limekandamizwa kwa nguvu hadi karatasi ikabonyea. Wakili alilipitia kwa kidole ili ageuze ukurasa. Kidole kikatoka cheusi.

Akaangalia tarehe. Miezi minne iliyopita.

"Mzee," aliita, "hebu njoo uone."

Karani wake alitoka chumba cha nje akiwa na miwani mkononi. Alikuwa amefanya kazi masijala ya mahakama kabla ya kustaafu, na alikumbuka namba za kesi kama watu wengine wanavyokumbuka nyimbo.

"Wametuletea karatasi yenyewe badala ya nakala kivuli," alisema. "Huu ni uzembe."

"Hilo nimeliona. Gusa dole."

Aligusa, akanusa kidole, akakifuta kwenye gazeti kuukuu, akakifuta tena.

"Hiyo si harufu ya wino, mama."

Ilikuwa harufu ya saruji iliyolowa, na ya maji yaliyolala kwenye ndoo siku nyingi.

Wakili aliandika barua siku hiyo hiyo kumjulisha mwendesha mashtaka kwamba karatasi halisi imefika kwake kwa makosa na yuko tayari kuirudisha. Jibu lilifika kabla ya saa tisa. Lilikuwa na mstari mmoja: kaa nayo, utaileta siku ya kesi.

"Tangu lini hawa wanajibu barua siku hiyo hiyo?" karani aliuliza.

Kesho yake wakili alikwenda gerezani. Fundi aliletwa akitembea kwa visigino, kwa sababu nyayo zake zilikuwa bado hazijapona. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, na mikono yake haikutulia. Hata akiongea alikuwa akipima ukingo wa meza kwa vidole.

"Sikuweka dole, mama," alisema. "Dole la nini wakati mimi naandika? Vipimo vya nusu ya mtaa wetu nimeviandika kwa mkono huu."

"Ni la nani basi?"

Fundi alimtazama askari wa mlangoni, akashusha sauti mpaka wakili akalazimika kuinama.

"Chumba walichonitia kulikuwa na mtu kabla yangu. Sakafu ilikuwa imelowa yote, na kulikuwa na kandambili moja. Nikauliza mwenyewe yuko wapi, nikapigwa. Walinipiga mpaka asubuhi nitie sahihi, nikakataa. Ndipo Pasi akaleta karatasi nyeupe, haina neno hata moja, chini ina dole. Akaniambia, kama hutaki kutoa lako, tunalo jingine."

"Ulimwambia hakimu haya ulipopelekwa mara ya kwanza?"

"Nilimwambia. Aliniuliza kama nina shahidi."

Siku zilizofuata mambo yalianza kuonekana ofisini. Dole la kwanza lilikuwa kwenye glasi ya wakili ya maji, na alidhani ni lake mwenyewe. La pili lilikuwa kwenye kalenda, juu ya Jumapili. Kisha yakawa kwenye mgongo wa kiti cha wateja, kwenye kitasa cha kabati, kwenye ukuta mahali ambapo mtu angefika tu kama amelala sakafuni na kunyoosha mkono, na kila moja lilikuwa bichi na lilirudi baada ya kufutwa. Karani alifuta kwa sabuni, akafuta kwa mafuta ya taa. Asubuhi moja wakili alivua miwani ili aisafishe, akakuta dole kwenye kioo, upande wa ndani, ule unaotazamana na jicho. Alikuwa hajaivua tangu atoke nyumbani.

Zikaja sauti. Mchana, wakati wa jua kali, magari yakipiga honi barabarani na fundi wa baiskeli akigonga ringi chini yao, walisikia katika chumba cha majalada mpini wa ndoo ukiangukia ubavuni, kisha maji yakimwagwa taratibu, kisha mtu akivuta pumzi kama anayevutia kupitia kitambaa. Karani aliingia mara mbili. Mara ya tatu alisema mgongo unamuuma.

Katikati ya hayo wakili alikutana na mwendesha mashtaka kwenye korido ya mahakama. Alikuwa kijana aliyepanda haraka, suti nzuri, kicheko cha karibu. Siku hiyo hakucheka.

"Mwambie mteja wako akubali kuua bila kukusudia," alisema. "Miaka minane. Akiwa na nidhamu atatoka mapema."

"Nipe ripoti ya alama za vidole kwanza. Niliiomba mara tatu."

"Alama haisomeki. Mtaalamu alishindwa."

"Mtaalamu akishindwa huandika kwamba ameshindwa. Nipe hiyo karatasi ya kushindwa."

Alisogea karibu. Wakili aliona kwamba macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala.

"Ile karatasi iko vizuri huko kwako?" alinong'ona.

"Kwa nini isiwe vizuri?"

Mwendesha mashtaka akageuka. Aliondoka akikanyaga kwa uangalifu, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Ijumaa, saa tisa kamili, simu ya mezani ililia. Karani alikuwa ametoka. Wakili aliinua mkono wa simu, akasema jina la ofisi, na upande wa pili akasikia maji, si ya mvua wala ya bomba, bali yale yanayogugumia kwenye koo la mtu ambaye anataka kusema na hawezi mpaka ayameze, na akayameza, na sauti ya mwanaume ikatoka, ya adabu, ya mtu anayeomba asionekane msumbufu.

"Mama, leo ndiyo Jumatatu?"

Akakaa. Aliijua sauti ile. Miezi minne nyuma, Ijumaa kama hii, saa kama hii, akiwa ameshakusanya mkoba wake ili awahi nyumbani, mtu alipiga simu kutoka kituoni kwa simu ya kuazima. Alisema yeye ni mbeba mizigo, amekamatwa kwa kesi ya mwenye duka la vitambaa, ameambiwa mama huwa anasaidia watu, na wanaume hawa wamemwambia usiku wataanza. Naye alikuwa amechoka. Alikuwa amemwambia: asiseme lolote, asitie sahihi lolote, na Jumatatu apige tena. Jumatatu hakupiga, wakili akasahau, kwa kuwa watu wengi walikuwa hawapigi tena.

"Mama," sauti ilisema, na sasa haikuwa na adabu, na haikutoka kwenye simu peke yake bali pia kwenye kabati, na chini ya meza, na karibu sana na shingo yake ambapo nywele zililowa kwa pumzi, "sikusema lolote, sikutia sahihi lolote, nimefanya kama ulivyoniambia, nimekunywa ndoo mbili na nimekungoja, nifungulie."

Karani aliporudi alimkuta amesimama ngazini, mkoba kifuani, viatu mkononi. Vilikuwa vimejaa maji.

"Mama," alisema karani baada ya kusikiliza yote, "nina shangazi yangu. Sikutaka kumtaja mapema, ungeniona mshamba."

"Mlete," alisema wakili.

Shangazi wa karani alikuwa mwosha maiti. Kwa miaka mingi watu walikuwa pia wakimwita kwenye nyumba zenye shida ya majini, naye alikwenda kama anavyokwenda kwenye maiti, na ndoo yake, na kanga zake mbili, bila kupayuka. Alikuja Jumamosi kabla ya adhuhuri. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaomba karatasi, akaitazama bila kuigusa. Midomo yake ilicheza kidogo, akisoma anachokijua yeye. Kwenye chumba cha majalada mpini wa ndoo ukaanguka. Hakugeuka.

"Mwenye dole hili alikuwa ameshakufa lilipochukuliwa," alisema. "Ngozi ya maiti hukandamizika hivi, haisukumi. Nimeshika mikono ya kutosha."

Wakili alifunika uso. "Nilimwambia apige Jumatatu."

"Marehemu hakuhangaishi, mwanangu. Marehemu amekwenda zake. Hiki kinachokupigia ni kitu kingine." Alishusha sauti. "Vyumba vile wanavyofanyia watu hivyo huwa na wapangaji. Jini linakaa palipo na hofu kama nzi anavyokaa penye kidonda. Hili lilikuwepo mtu yule akikata roho. Limekula pumzi yake, limechukua na sauti yake. Dole lilipopigwa, likatoka nalo. Usilionee huruma. Halitafuti haki. Linatafuta mdomo wa kusemea."

"Tuichome karatasi?"

"Ukiichoma litabaki na nyie. Ni lazima arudishiwe aliyelitoa. Yule aliyeshika mkono wa maiti akaukandamiza, aipokee kwa mkono wake, kwa ridhaa yake, na aseme mbele ya watu kwamba ni yake. Hapo litakuwa limepata mwenyewe."

Wakili alinyanyua kichwa. Kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi aliona njia, na ilikuwa njia aliyoipita kila wiki: kumpa shahidi kielelezo na kumuuliza kama anakitambua.

"Na likishafika kwake?" karani aliuliza.

Mwosha maiti alikuwa anafunga ndoo yake kwa kanga.

"Fikirieni kazi yake ni nini kabla hamjampa," alisema. "Mimi ninaweza kulitoa hapa. Kulizuia huko si kazi yangu."

Wakili alilisikia hilo vizuri. Baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakulisikia. Lakini alimfikiria fundi na nyayo zake, akamfikiria Pasi, na moyo wake ukawa mgumu kama jiwe.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Kabla maelezo ya kukiri hayajapokelewa, jaji alitaka kwanza kujua yalipatikanaje, kwa hiyo Pasi alipanda kizimbani mapema. Alikuwa mtu mkubwa, shati limenyooshwa mpaka likawa na makali, na alikula kiapo kwa sauti ya mtu aliyekizoea. Alieleza kwamba mshtakiwa alipewa chai. Alieleza kwamba mshtakiwa alilia kwa majuto, kisha akaomba mwenyewe kuweka dole.

Wakili alisimama.

"Shahidi, mshtakiwa huyu anajua kuandika?"

"Sikumuuliza."

"Kwenye duka lake mlichukua daftari la vipimo. Liko wapi?"

"Halikuwa na umuhimu."

"Usiku ule, chumba cha tatu alimowekwa mshtakiwa, mlikuwa na mahabusu wangapi?"

"Mmoja."

"Kitabu cha mahabusu kinasema hivyo?"

"Kitabu cha mwezi ule kilinyeshewa."

Watu walicheka kidogo. Mwendesha mashtaka hakusimama kupinga. Alikuwa ameinamia meza, mikono juu ya mkoba wake, kama anayezuia usifunguke.

Wakili alitoa karatasi kwenye bahasha. Mtumishi wa mahakama alikuja kuipokea ili ampelekee shahidi. Wakili akampita, akaenda mwenyewe mpaka kizimbani.

"Naomba uishike," alisema. "Unaitambua?"

Pasi alipokea kwa mkono wa kulia bila kufikiri.

"Naitambua."

"Ni ya nani?"

"Yangu. Nimeiandika mimi, dole nimelichukua mimi."

Alisema hivyo, kisha akaangalia kidole chake gumba, ambacho kilikuwa kimekaa juu ya lile dole sawasawa, na akajaribu kukiondoa, na hakikutoka. Akavuta, na karatasi haikuchanika, na weusi ukaanza kupanda kutoka kwenye ukucha kwenda kwenye kiungo, kwenye kiganja, chini ya saa yake, ndani ya mkono wa lile shati lililonyooshwa, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, na mahakama nzima ikasikia mpini wa ndoo ukiangukia ubavuni mahali ambapo hapakuwa na ndoo, na Pasi akafungua mdomo ili aombe maji, au aombe msaada, na iliyotoka ilikuwa sauti ya mtu mwingine.

"Mimi ni mbeba mizigo," ilisema. "Nililazwa hapo chini. Huyu Pasi alikaa kwenye miguu, wawili walishika mikono, mmoja alimwaga maji kwenye kitambaa cha usoni. Nilikuwa nimeshakufa, akamwambia mwenzake amalizie ndoo. Kisha akanishika kidole."

Hakuna aliyenyanyuka. Jaji alikuwa ameshika kalamu na haandiki. Kichwa cha Pasi kiligeuka taratibu kuelekea meza ya mashtaka.

"Na wewe unayo," sauti ilisema. "Imo humo ulipoweka mikono."

Mwendesha mashtaka alianza kulia kimya kimya. Alifungua mkoba na kutoa ripoti ya kurasa tatu, akaipeleka mwenyewe mezani kwa jaji. Ilikuwa ya mtaalamu wa alama za vidole. Ilisema dole lile linasomeka vizuri sana, si la mshtakiwa, na ni la maiti iliyopokelewa mochwari Jumapili iliyofuata Ijumaa ya ile simu, ikiandikwa kwamba iliokotwa kando ya barabara. Alikuwa ameipata mwezi wa kwanza tu baada ya fundi kushtakiwa.

Kizimbani, Pasi alitapika maji, mengi, safi, mpaka yakafika kwenye ngazi. Kisha akafunga mdomo, akajifuta kwa leso na kukaa wima. Karatasi ilikuwa imeanguka sakafuni. Wakili aliiokota na kulitazama dole: lilikuwa limekauka, la kijivu, kama la hati yoyote ya zamani.

Fundi aliachiwa huru siku hiyo. Alitoka akichechemea, akamshika wakili mikono yote miwili. Dada wa mbeba mizigo alipewa mwili baada ya wiki tatu za barua, na mwosha maiti aliuosha bila malipo. Wakili alikwenda mazikoni, akasimama nyuma, hakujua amwambie nini yule dada, kwa hiyo alimwambia ukweli kuhusu ile simu. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba aondoke.

Kuhusu wengine, mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Mwendesha mashtaka aliacha kazi kwa sababu za kiafya. Iliundwa tume. Tume iliandika kwamba shahidi alipatwa na kifafa kizimbani, na kwamba aliyosema katika hali hiyo hayawezi kuwa ushahidi dhidi ya mtu yeyote. Pasi alihamishiwa kituo kingine, na baada ya muda akapandishwa cheo.

Ofisini pakawa pakavu na kimya. Wakili alianza tena kula chakula cha mchana mezani kwake.

Miezi saba baadaye aliitwa kumtetea mpishi wa hosteli aliyeshtakiwa kuchoma bweni. Alisoma maelezo yake njiani: kurasa nne, sahihi nzuri kila ukurasa. Kisha akasoma kadi ya kliniki aliyopewa na mume wa mpishi. Siku ya moto mpishi alikuwa wodi ya wazazi, mbali kabisa na bweni, akijifungua.

Walikutana chumba kidogo cha mahojiano, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi.

"Walikupiga?" wakili aliuliza.

"Hapana."

"Walikunyima chakula, walikutishia mtoto?"

"Hapana, mama. Hapa hawapigi mtu. Mkuu wa upelelezi aliingia peke yake, akakaa hapo ulipokaa wewe, akaniuliza kama ni mimi niliyechoma." Mpishi aliongea kwa sauti ndogo, akitazama mlango. "Nilitaka kusema hapana. Mdomo ukasema ndiyo. Nikajisikia ninaeleza nilivyobeba mafuta, nilivyowasha, na sikuwahi kufika huko siku hiyo, najua sikufika, nilikuwa na uchungu. Lakini akiniuliza tena nitasema ndiyo. Kila mtu humu anasema ndiyo."

Mlango ulifunguliwa, na mkuu huyo wa upelelezi akaingia. Pasi alikuwa amenenepa, na uso wake ulikuwa na amani ya mtu anayelala vizuri. Mpishi aliinamisha kichwa papo hapo.

"Wakili," Pasi alisema, akavuta kiti, akakaa karibu nao. "Sina kinyongo na wewe. Siku ile ulinifanyia wema usioujua. Siku hizi simgusi mtu." Alitabasamu. "Mteja wako amekiri kwa hiari yake, bila kutishwa. Sivyo?"

Wakili alikuwa na kadi ya kliniki mkononi. Alikuwa na swali la kwanza, la pili na la tatu, yote yamepangika. Alifungua mdomo ili apinge, na akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, tulivu, yenye adabu.

"Ndiyo," ilisema. "Kwa hiari yake."